Mwalimu, usisubiri ushahidi

"Siwezi kusema kitu mpaka niwe na hakika."

Husemwa na walimu wema wanaposhuku kwamba mtoto anatelekezwa au anateswa nyumbani, na ndiyo kauli inayowaponza watoto wengi. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya Tanzania, ya mwaka 2009, kinamtaka mwanajamii mwenye ushahidi *au taarifa* kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Taarifa inatosha. Kuchunguza ni kazi ya afisa ustawi wa jamii.

Mwalimu wa darasa ana kitu ambacho afisa huyo hana: daftari la mahudhurio, na macho yanayomwona mtoto siku tano kwa wiki. Anajua nani hukosa kila Jumatatu, nani husinzia tangu kipindi cha kwanza, kidonda cha nani kina wiki mbili bila dawa. Andika tarehe na ulichokiona. "Tarehe 4 alisema amelala peke yake, hajala tangu jana" humsaidia afisa kuliko "mama yake hamjali".

"Ustawi wakija, watamchukua mtoto."

Kwa kawaida huanza na mazungumzo. Afisa humwita mzazi, wanakaa, wanaamua la kufanya. Mzazi akikaidi ndipo shauri linapelekwa mahakamani. Kumwondoa mtoto nyumbani ni kwa yule aliye hatarini.

"Mtoto mchafu, mwenye njaa, ametelekezwa."

Hapana, si lazima. Kifungu hicho hicho kinamzungumzia mzazi au mlezi *mwenye uwezo* anayekataa au kupuuza kumpa mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Bibi anayelea wajukuu watano kwa kuuza maandazi hajamtelekeza mtu; amezidiwa. Inaniuma sana mlezi kama huyu anaposemwa mbele ya wazazi wenzake kwenye kikao cha shule. Taarifa yake nayo ifike ustawi, ila kwa kuombewa msaada. Na yupo mtoto wa nyumba yenye geti, sare imepigwa pasi, ambaye wiki nzima hakuna mtu mzima aliyemuuliza ameamkaje. Na huyo huwa hatumripoti kabisa.

"Nikisharipoti, nimemaliza."

Kesho asubuhi mtoto atakuwa darasani kwako. Mzazi akiwa ameahidi mbele ya afisa kwamba mtoto atakuja shule kila siku akiwa amekula, nani atajua kama ahadi inatimizwa? Ni wewe. Ofisi ya ustawi nayo iirudishie shule jibu, hata la mistari miwili, kwa mwalimu mkuu na mwalimu wa malezi tu. Mwalimu aliyeandika mara mbili bila kujibiwa, ya tatu haandiki. Tena habari za mtoto zisizungumzwe ofisi ya walimu wakati wa chai.

Panapokuwa na kipigo au ukatili wa kingono, nenda moja kwa moja Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116, ya simu ya kusaidia watoto, hupigwa bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Iandikeni ukutani, kwa herufi ambazo wa darasa la pili atazisoma.