Kiti cha kulala ni kipi hasa?

Wiki iliyopita nilikuwa kwa wakala wa tiketi za ndege, Barabara ya Kenyatta hapa Mwanza, nikisubiri zamu yangu. Mbele yangu alikaa baba mmoja anayempeleka mama yake India kwa matibabu ya nyonga. Amekusanya pesa za ndugu ili mama asafiri bizinesi, yaani daraja la biashara, akauliza swali moja tu: ataweza kulala? Kijana wa mezani akamjibu bila kuinua macho kwenye kompyuta, "Mzee wangu, hiki ni kiti cha kulala kabisa, kinafika nyuzi 180." Nikashindwa kujizuia. Nikamuuliza, "Kinalala au kinanyooka?" Akasema, "Si kitu kilekile, dada?"

Si kitu kilekile. Na hii si mara ya kwanza kulisikia, wala ya kumi.

Kiti cha kulala ni kiti cha ndege ambacho egemeo, pa kukalia na pa kuwekea miguu vikifunguka vyote vinakuwa usawa mmoja, na usawa huo unakuwa sambamba na sakafu ya ndege. Masharti ni mawili: kinyooke, kisha kilale. Kikitimiza la kwanza peke yake, hicho ni kiti kinachonyooka. Hata nyuzi 180 ni habari ya sharti la kwanza tu. Zinakwambia kiti hakina kona katikati, basi. Kuhusu mteremko hazisemi lolote. Ngazi iliyoegemezwa ukutani nayo ina nyuzi 180, imenyooka kuliko kitanda chochote, lakini hakuna anayesema ngazi imelala mpaka mtu aishushe chini.

Shida naona inaanzia kwenye neno lenyewe. Kulala ni neno kongwe la Kibantu, hata Kisukuma kinalo, na tumelibebesha kazi tatu kwa wakati mmoja. Kazi ya kwanza ni ya umbo: mti umelala barabarani, mahindi yamelala baada ya upepo. Ya pili ni usingizi. Ya tatu ni kupitisha usiku: tulilala Singida, hata kama usiku wote mlikuwa mmekaa wima kwenye basi bovu mkisubiri fundi. Wapiga debe wa stendi ya mabasi ya Nyegezi wanapoita "siti za kulala, Dar, siti za kulala!" wanatumia maana ya pili na ya tatu. Wanachosema ni kwamba siti inarudi nyuma, utasinzia, asubuhi utakuwa Dar. Abiria wa basi analielewa hilo na hajadanganywa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kupanda basi Nyegezi akitarajia godoro.

Kwenye meli hali ni tofauti tena, na nadhani ndiko wengi wetu huku ziwani tulikopata picha ya kulala safarini. Ile MV Victoria, ambayo ilirudi kazini 2020 baada ya ukarabati mkubwa ikiitwa New Victoria Hapa Kazi Tu, inaondoka Mwanza jioni kwenda Bukoba, na tiketi yako inasema wazi: una kitanda au una siti. Aliyelipia kitanda anaingia chumbani, anakuta kitanda cha kweli kilichofungwa ukutani, analala kama alivyozoea. Mtu aliyekulia kwenye meli hiyo akiambiwa "bizinesi ina kulala", kichwani mwake anaona kile kitanda cha meli. Ndicho alichokiona yule baba, nina hakika.

Sasa tazama lugha yetu ilivyo na busara kwenye jambo hilihili. Kutoka kwenye mzizi huo mmoja wa lala, walimu wa hisabati walipata maneno mawili. Mlalo ni mstari ulio sawa na maji ya ziwa alfajiri kabla upepo haujaamka. Ulalo ni mstari wa kukata kona kwa kona, kama ubao uliowekwa mshazari ndani ya mstatili. Herufi moja tu inayatenganisha, m na u, na mtoto wa shule akiyachanganya anakosa swali. Viti vya ndege navyo ndivyo vilivyo. Kuna vinavyokaa mlalo na kuna vinavyokaa ulalo, na wanaouza tiketi wanavitia vyote kwenye kapu moja.

Kwa nini mtu atengeneze kiti kinachonyooka halafu akiache kimeteremka? Kwa sababu ya sakafu. Mtu mzima aliyelala mlalo anahitaji karibu mita mbili za urefu. Kila kiti kikidai mita mbili nyuma ya kingine, viti vinapungua, na mapato yanapungua navyo. Wabunifu wakaona kwamba ukimwinamisha abiria, kichwa juu na miguu chini, miguu yake inaweza kupenya chini ya kiti cha mbele. Kwa hiyo viti vinasogeleana, na bado tangazo linaweza kusema nyuzi 180. Kwa upande wa nafasi ni hesabu nzuri. Mwili ndio unaolipa.

Nami nimeuona mwili ukilipa. Nilimsindikiza shangazi yangu, dada yake baba, alipokwenda nje kutibiwa mgongo. Shirika la ndege silitaji. Tulikuwa tumeambiwa kiti kinalala. Taa zilipozimwa nikambonyezea kitufe, kiti kikajifungua taratibu, kikanyooka kweli kama ubao. Nikamfunika blanketi, nikamshukuru Mungu. Haikupita saa moja nikaona amesogea. Kitenge alichojifunga kilikuwa kimebaki juu, kimejikunja kwenye mbavu, na yeye ameshuka mpaka nyayo zimegandamizwa kwenye ubao wa mbele na magoti yamepinda. Nikampandisha. Akashuka. Nikaweka mkoba wangu chini ya nyayo zake uwe kama ngazi, nikakunja blanketi la pili na kulipitisha chini ya mapaja. Mpaka kunakucha tulikuwa tumefanya hivyo sijui mara ngapi. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, huku ni kulala au ni kushuka?" Aliposhuka kwenye ndege hakuweza kutembea, tukaomba kiti cha magurudumu.

Hesabu yake si ngumu. Kama una kilo 70 na kitanda kimeinama nyuzi 8, sehemu ya uzito wako inayokuvuta kuelekea miguuni ni karibu kilo 10, usiku kucha. Msuguano wa kitambaa unakushika, ndiyo maana huporomoki mara moja. Lakini ngozi inabaki juu huku mifupa ikitaka kwenda chini, na misuli ya mapaja na ya kiuno haipumziki, inashika breki. Mvuvi yeyote wa Igombe aliyewahi kujilaza ndani ya mtumbwi uliovutwa nusu mchangani analijua jambo hili. Omo iko juu mchangani, tezi iko majini, na wewe unaamka umejikunja kule tezi pamoja na nyavu.

Kitanda cha mlalo kilichelewa kufika bizinesi. British Airways walikiweka kwanza daraja la kwanza katikati ya miaka ya 1990, kisha mwaka 2000 wakakileta kwenye daraja la biashara, na wao ndio waliotangulia. Ili vitanda vienee waliwapanga abiria mmoja akitazama mbele na jirani yake akitazama nyuma, mabega ya huyu karibu na miguu ya yule, kwa kuwa binadamu ni mpana mabegani na mwembamba miguuni. Mwaka 2003 Virgin Atlantic walikuja na njia nyingine. Kiti kinakaa mshazari kutoka kwenye njia ya katikati, na ili kiwe kitanda hakinyooshwi. Egemeo linapinduliwa, abiria analala upande wa pili uliotengenezwa mahsusi kuwa godoro. Mpangilio huo kwa Kiingereza umepewa jina la mifupa ya samaki, na hapa Mwanza sihitaji kuuchora. Chukua sato aliyekwisha kuliwa, mweke kwenye sahani. Uti wa mgongo ndio njia wanayopita wahudumu, na miiba inayotoka kwa mshazari kulia na kushoto ndiyo vitanda. Mshazari huo hauna ubaya, maana kitanda kimegeuzwa upande bila kuinamishwa. Ukikitazama kutoka juu kimekaa ulalo, ukikitazama kwa pembeni ni mlalo. Tofauti hii ndiyo hasa ninayotaka watu waishike.

Kwa aliye makini kuna jambo jingine dogo. Nimesema sambamba na sakafu ya ndege, sikusema sambamba na ardhi. Ndege ikiwa angani huruka pua ikiwa juu kidogo, kama nyuzi 2 au 3. Kwa hiyo hata kitanda cha mlalo kina kamteremko kake, na ukiwa umetazama mbele miguu ndiyo inayokuwa juu kidogo. Mwili haulalamiki kwa kiasi hicho.

Wala sisemi kwamba kila kitanda cha mlalo kina raha. Vingine vina tundu la miguu jembamba mno, mtu wa kiatu namba 44 hawezi kugeuka ubavu bila kuzitoa nyayo nje kwanza. Vingine godoro lake ni jembamba, kwa kuwa sponji hiyohiyo inatakiwa imbebe mtu akiwa amekaa wakati wa chakula na akiwa amelala baadaye, na tena ihimili masharti ya moto. Hayo ni maneno ya siku nyingine. Kulala kwanza, raha baadaye.

Na wanaosema "daraja la kwanza" wakimaanisha bizinesi, hayo ni madaraja mawili, ingawa mashirika mengi sasa hayana la kwanza kabisa. Tena bizinesi haina ahadi ya kitanda ndani ya jina lake. Airbus A220 za Air Tanzania zinazotua hapa Mwanza zina viti 12 vya bizinesi, na ni viti vya kuegemea, kama inavyofaa kwa safari isiyofika hata saa mbili. Kwa hiyo "ni bizinesi, kwa hiyo kinalala" ni sentensi isiyosimama, hata kama anayeisema ana tai shingoni.

Yule kijana simlaumu. Alikuwa anasoma kilichoandikwa kwenye skrini, na aliyeandika alikuwa anauza. Nilimvuta pembeni baada ya baba yule kutoka nje kupiga simu, nikamweleza kwa sauti ya chini. Mdogo wangu, mteja akiuliza kuhusu kulala, usimjibu kwa nyuzi. Tazama kwanza ni ndege gani itakayoruka siku hiyo, maana shirika moja linaweza kuwa na viti vya aina mbili au tatu. Halafu uliza kitu kimoja: kikifunguka, kinakuwa sawa na sakafu? Kama jibu ni hapana, mwambie mteja "kinanyooka, lakini kina mteremko". Ni maneno manne tu. Mwenye afya njema atanunua tu, na mwenye nyonga mbovu ataomba ndege ya siku inayofuata.

Akayaandika nyuma ya kadi yake. Baba aliporudi, kijana akamwambia, "Mzee, nisubiri kidogo, kuna jambo sikuuliza."