Bodi za feni, friji na mashine za kufulia: tunayoaminishana mtaani na ukweli wenyewe

Tuanze na ya rangi maana ndo inasikika kila kona, eti bodi, kile kibao cha ndani chenye vipande vya umeme, ikiwa ya kijani ni orijino, ya kahawia feki. Si kweli. Ule ukijani ni rangi tu inayopakwa juu ili solda, yaani bati la kuunganishia vipande, isishike pasipotakiwa, ingekuwa nyeusi au nyekundu bodi ingepiga kazi ile ile. Tofauti ipo chini ya rangi: moja ni nyuzi za kioo zilizogandishwa na epoksi, ndo FR-4, nyingine ni karatasi iliyoshindiliwa na gundi ya fenoli, FR-1. Kampuni kubwa tu zinatumia hiyo ya karatasi kwenye rimoti na feni, kwa sababu matundu yake yote yanapigwa kwa mkupuo mmoja, wakati ya kioo kwa kawaida inatobolewa tundu moja moja na vibiti vya drili vinaisha haraka, sa zidisha kwa bodi laki moja uone hiyo hela. Ubaya wake upo lakini, inanyonya unyevu, na ukiisolda mara mbili tatu mstari wa shaba unabanduka, mafundi mnaijua ile hasira.

Nyingine: kifaa hakiwaki, basi "chipu imeungua, nunua bodi mpya". Aisee, mara nyingi chipu ipo nzima kabisa. Bodi nyingi za vifaa vidogo, feni ya rimoti, mashine ya kahawa, taa ya sensa, hazina transfoma, zinashusha zile volti 230 kwa kupitisha umeme kwenye kapasita (kipande kinachohifadhi chaji) ya filamu, kile kiboksi cha plastiki cha njano au kijivu kimeandikwa X2. Umeme ukipiga kwa nguvu filamu ya ndani inatoboka kidogo halafu inajiziba yenyewe kwa kuunguza kametali kembamba pembeni ya tundu, ndo ilivyobuniwa hivyo ili isiwashe moto, ila kila ikijiziba uwezo unapungua, ilianza na maikrofaradi 0.47, miaka kadhaa baadaye ukiipima unakuta 0.2 na kitu na kwa nje inang'aa kama jana. Hapo umeme wa kulisha relei, ile swichi inayovutwa na umeme, hautoshi, relei inatetemeka au haigongi kabisa, na mtu anakuuzia bodi nzima wakati kilichokufa ni kitu cha hela ndogo sana. Kinachomuumiza mtengenezaji ni kwamba siku bodi inatoka kiwandani kila kitu kinapima sawa, ugonjwa unakuja kuanzia huku kwenye umeme unaokatika na kurudi jioni nzima. Na chonde, bodi za aina hii hazijatenganishwa na umeme wa ukutani, hata upande wa volti 5 ukigusa inakurusha, usiseme sikukwambia.

Solda isiyo na risasi (ile metali nzito, sio ya bunduki) ndo inaua vifaa siku hizi? Nusu nusu. Ulaya walipiga marufuku risasi kwenye vifaa vya umeme kuanzia tarehe 1 Julai 2006, sababu ni afya na mazingira, na viwanda vingi duniani vikafuata maana kuendesha laini mbili ni usumbufu. Ya zamani ilikuwa inayeyuka kwenye nyuzi joto 183, hii mpya ya bati, fedha na shaba kidogo inataka kama 217, kwa hiyo ovuni ya kuyeyushia solda kiwandani inapandishwa hadi kwenye 240, bodi inajikunja, soketi za plastiki zinalegea. Ukiseti joto vizuri inadumu miaka. Kinachopasuka sana ni solda ya miguu ya vitu vizito na vinavyopata moto, relei na transfoma hasa.

Ule mwanya mrefu uliokatwa katikati ya bodi sio wa hewa. Unaongeza umbali ili umeme mkubwa usitambae kwenye vumbi na unyevu ukafika upande wa volti ndogo.

Na ile gundi nzito iliyomwagwa juu ya bodi ya mashine ya kufulia, wengi wanasema wameweka makusudi tusitengeneze. Kazi yake ni kuzuia maji na mvuke wa sabuni, ingawa sikatai kwamba kuzuia fundi nako hakuwaumizi.

Ila dhana inayonichosha ni hii, "nimetengeneza bodi moja nyumbani na feriki kloraidi (ile kemikali inayokula shaba isiyotakiwa), elfu kumi ni kurudia tu". Piga hesabu, bodi ina sehemu 250 za solda, ukikosea moja tu katika kila 10,000, ambayo ni kazi safi sana, bado bodi kama 250 kati ya zile elfu kumi zinatoka na kosa. Lazima uzinase kabla hazijafika kwa mteja, kwa jigi, yaani kifaa cha kupimia chenye pini za springi zinazogusa bodi chini, na kila dizaini mpya inataka jigi yake. Halafu bodi zinatengenezwa zikiwa zimeungana kwenye shiti moja, mfanyakazi akizivunja kwa mkono vile vikapasita vidogo vya seramiki vilivyo karibu na ukingo vinapata ufa usioonekana kwa macho, test vinapita, shoti inakuja kutokea nyumbani kwa mtu, ndo maana viwanda vinavyojielewa vinakata kwa mashine.