Je, volkano kuu inaweza kulipuka tukiwa hai?

Ukipita penye mjengo hapa Nairobi, chukua kipande cha jiwe la Ndarugo kabla fundi hajalipiga plasta. Ni jepesi kuliko unavyodhani, lina vitundu, na ukilikwaruza kwa ukucha linaacha unga. Hayo ni majivu ya volkano yaliyotua zamani yakashikana yakawa mwamba. Nyumba zetu nyingi zimejengwa kwa mlipuko.

Sasa, mlipuko huitwa wa volkano kuu ukitapika zaidi ya kilomita za ujazo 1,000 za majivu na mawe. Mimina kiasi hicho juu ya Kaunti ya Nairobi yote, utapata rundo la karibu kilomita moja na nusu kwenda juu. Jengo la KICC, pamoja na mita zake 105, lingezikwa chini kabisa.

Imeshatokea. Toba, kule Sumatra nchini Indonesia, ililipuka miaka kama 74,000 iliyopita na kuacha shimo la kilomita 100 kwa 30, ambalo leo ni ziwa. (Menengai yetu ya Nakuru, yenye kilomita 12 kwa 8, haifiki hata karibu.) Chembe za majivu ya Toba zimepatikana kwenye tope la chini ya Ziwa Malawi, na tope hilohilo halionyeshi kwamba hali ya hewa ya huku ilivurugika sana. Mimi hilo hunipa moyo: watu wa Afrika Mashariki walikuwepo, na waliendelea kuishi. Ya mwisho ya kiwango hicho ilikuwa Taupo, New Zealand, miaka zaidi ya 25,000 iliyopita.

Utasikia watu wakisema volkano ya Yellowstone, Marekani, "imechelewa" kulipuka. Si kweli. Ililipuka kwa nguvu miaka milioni 2.1, milioni 1.3 na 640,000 iliyopita. Ukipiga hesabu, wastani ni kama miaka 730,000 kati ya mlipuko na mlipuko, kwa hiyo hata ingekuwa inafuata kalenda, bado ingebaki na miaka elfu tisini hivi. Na volkano haifuati kalenda. Hulipuka pale magma (mwamba ulioyeyuka) inapojaa na shinikizo kushinda mwamba wa juu. Chini ya Yellowstone sehemu kubwa bado ni mwamba mgumu. Wanajiolojia wa huko wanakadiria uwezekano wa takriban 1 kwa 730,000 kila mwaka. Tena haiji kimyakimya: ardhi huvimba, matetemeko huongezeka, gesi hubadilika.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hizi ndogo. Aprili 2010 Eyjafjallajökull ya Iceland, volkano ya kawaida tu, ilifunga anga la Ulaya kwa karibu wiki nzima. Waridi za Naivasha zilikosa ndege, zikanyauka na kutupwa, na vibarua mashambani wakaambiwa wakae nyumbani.