Kupanga msimbo wima: fomata inavyopima majirani

Daftari la mikopo la mangi wa dukani kwetu, hapa Moshi, limepigwa mstari wa rula: majina kushoto, pesa kulia. Akitaka kujua nani kazidisha, jicho linashuka upande wa pesa tu. Siku moja alikuja kukopa mama wa Kiboroloni mwenye majina matatu na cheo cha kanisani juu yake, maandishi yakavuka mstari yakaingia kwenye pesa. Mangi hakuhangaika. Safari ya pili aliandika herufi za mwanzo tu.

Kompyuta haina ruhusa ya kufupisha majina. Yenyewe inasogeza rula kulia, kisha inaandika upya ukurasa mzima.

Fomata ni programu inayosoma msimbo, yaani maagizo ambayo mtu anaiandikia kompyuta, ulioandikwa vyovyote na kuurudisha katika mpangilio mmoja, bila kubadili kazi ambayo msimbo huo unafanya. Sehemu kubwa ya kazi yake iko pembeni kushoto, kujongeza mistari ndani kufuatana na mabano. Kupanga wima ni jambo jingine. Hapo fomata inaongeza nafasi katikati ya mstari ili vitu vya aina moja, kama thamani, alama za sawasawa (=) au madokezo ya mwisho wa mstari ambayo mwandishi anamwachia msomaji, vikae chini ya vyenzake kama tofali zilizopimwa kwa timazi.

Tuseme nina orodha ya bei za soko la Mbuyuni, nimeiandika kwa Go, lugha ya kuandikia programu:

    "ndizi": 1500,
    "parachichi": 800,
    "maharage": 3200,

Programu ya gofmt, ambayo imekuwa ikija pamoja na Go tangu lugha hiyo ilipotolewa hadharani mwaka 2009, inairudisha hivi:

    "ndizi":      1500,
    "parachichi": 800,
    "maharage":   3200,

Angalia kwamba namba zimelingana mwanzo, si mwisho. Mhasibu angeguna, maana yeye anataka mamoja yakae chini ya mamoja. Lakini gofmt haijui kama ile ni bei au ni jina la mtu. Inachojua ni mahali kipande kinapoanzia.

Inafanyaje? Kila mstari unakatwa vipande, na kila kipande ni kisanduku. Visanduku vinavyofuatana kutoka mstari hadi mstari vinafanya safu moja. Fomata inavipima vyote, inachukua kirefu kuliko vingine, inaongeza nafasi moja, halafu inavijaza vifupi kwa nafasi tupu mpaka vifikie hapo. Kwa hiyo haiwezi kutoa mstari wa kwanza kabla ya kuuona wa mwisho. Inaishika safu yote mkononi, inapima, ndipo inaandika. Wazo hili la vituo vinavyovutika kwa kufuata urefu wa maandishi lilielezwa na Nick Gravgaard mwaka 2006, na maktaba, yaani msimbo ulio tayari, ambayo gofmt inaitumia kupanga safu imejengwa juu yake.

Neno zito hapo ni kufuatana. Safu ni ya majirani tu. Ukiacha mstari mmoja mtupu, safu inakatika, na walio chini wanaanza kupimana upya wenyewe kwa wenyewe. Thamani inayochukua mistari kadhaa nayo inaikata. Gofmt ina hata hesabu ya kuikata pale majina yanapopishana urefu kupita kiasi, ili jina moja refu lisiwasukume wengine hadi ukingoni mwa kioo.

Kuna ujanja mwingine ambao wengi hawauoni. Pembeni kushoto gofmt inatumia alama ya Tab, lakini katikati ya mstari inatumia nafasi za kawaida. Sababu ni kwamba Tab kwenye kioo changu ina upana wa nafasi 4, kwako labda 8. Kushoto hilo halina neno, kwa kuwa mistari yote inasogea pamoja. Katikati ingevuruga kila kitu. Na hata nafasi zenyewe zinategemea mwandiko ambao herufi zote zina upana sawa. Bandika orodha hiyo WhatsApp kwa mwandiko wa kawaida uone safu inavyopinda.

Hasara yake niliionja mwenyewe. Dogo ninayefanya naye kazi aliniletea mabadiliko akasema, "Kaka, nimeongeza ndizi mshare tu." Jina hilo ni refu kuliko parachichi, basi orodha nzima ya mistari thelathini na kitu ilikuwa imesogea nafasi mbili, na Git, programu inayotunza na kuonyesha mabadiliko ya msimbo, ikaipaka yote nyekundu na kijani. Nikaona ni nafasi tupu, nikapitisha. Ndani yake bei ya maharage ilikuwa imedondosha sifuri. Aliyeligundua ni mama muuzaji: "We kijana, maharage mia tatu na ishirini, utayalima wewe?" Ningeandika git diff -w, amri inayopuuza nafasi tupu, ningeona mambo mawili tu, mshare na ile 320.

Kwa sababu hiyo fomata nyingi haziugusi mchezo huu. Prettier, fomata ya JavaScript ya mwaka 2017, haipangi thamani wima. Black ya Python, iliyotoka mwaka 2018, inakwenda mbali zaidi na kuziondoa nafasi ulizoongeza kwa mkono kabla ya alama ya sawasawa, sawa na PEP 8, mwongozo wa mtindo wa kuandika Python wa tangu 2001, unaokataza kulinganisha kwa njia hiyo. Clang-format ya C na C++, ikiachwa na mtindo inaokuja nao, uitwao LLVM, inalinganisha madokezo ya mwisho wa mstari lakini alama za sawasawa inaziacha mpaka uiagize.

Mimi siko upande wa Black katika hili. Orodha ya bei isiyopangwa wima inachosha macho, na jicho lililochoka ndilo linaloruka sifuri. Ila kwenye mistari ya kawaida, ambako jina moja halihusiani na la chini yake, kupanga wima naona ni pambo tu.

Orodha yetu sasa tumeikata kwa mistari mitupu: nafaka peke yake, matunda peke yake, na ndizi tatu, mshare, mzuzu na bukoba, kwenye kikundi chao. Juzi dogo kaongeza ndizi kisukari. Git ikaonyesha mistari minne, yote ya ndizi, na bei nikazisoma moja moja.