Baskerville na karatasi yake

Waandishi wanaoniletea miswada ya riwaya niwapangie kurasa huomba sana fonti, yaani mtindo wa herufi, ya Baskerville. Wameiona kwenye kompyuta wakaipenda, na siwalaumu. Ila kabla ya kukubali huwa nawauliza: kitabu kitachapwa kwenye karatasi gani?

John Baskerville wa Birmingham, Uingereza, alikuwa mwalimu wa mwandiko na mchonga maandishi kwenye mawe, kisha akatajirika kwa biashara ya vyombo vya kupakwa vanishi. Alipogeukia uchapaji katika miaka ya 1750 alikuwa na pesa za kutosha kuwa mtu wa kuchagua. Akatengeneza wino mweusi kuliko wa wenzake, akarekebisha mtambo, akatumia karatasi laini ya mtengenezaji James Whatman, na kurasa zilizochapwa akazikandamiza kwa joto mpaka zikang'aa. Herufi zenyewe zilichongwa na John Handy. Kitabu chao cha kwanza, mashairi ya Virgil, mshairi wa Roma ya kale, kilitoka mwaka 1757.

Usumbufu wote huo ulitokana na mistari myembamba ya herufi zake. Ukilinganisha na Caslon, fonti iliyotamba Uingereza wakati huo, Baskerville ina tofauti kubwa zaidi kati ya mstari mnene na mwembamba, duara za herufi zimesimama wima zaidi, na serifu, yaani vile vijimkia vya kwenye ncha, zimechongoka. Kwenye karatasi ya kukwaruza umaridadi huo unapotea. Wapinzani walidai inaumiza macho. Benjamin Franklin, mchapaji na mwanasiasa wa Marekani, alimwandikia Baskerville mwaka 1760 akimsimulia alivyompa mlalamikaji mmoja sampuli ya Caslon na kumwambia ni ya Baskerville; bwana yule akaanza kuonyesha kasoro moja baada ya nyingine!

Kwa Kiswahili fonti hii inapendeza, hasa w yake isiyo na serifu katikati, nasi w tunazo tele. Mkia mrefu wa Q hautufai kitu. Tatizo ni upana: Baskerville hula nafasi, na maneno kama "yanayowakabili" yakibanwa kwenye safu nyembamba huacha mapengo ya ovyo. Magazeti yaachiwe Times New Roman, iliyobuniwa kwa ajili ya gazeti la The Times na kuanza kutumika humo mwaka 1932. Baskerville mimi huipanga kwa pointi 11, pointi 15 kutoka mstari hadi mstari, safu moja pana kwa ukurasa. Alama ya ng' lazima iwe ya kupinda. Ile iliyonyooka ya kibodi inaonekana kama msumari uliosahaulika ukutani.

Jihadhari pia na matoleo ya kidijitali. Zamani wino ulisambaa kidogo kwenye karatasi na kunenepesha herufi. Matoleo yaliyochorwa bila kuhesabu unene huo hutoka dhaifu yakichapwa kwa mitambo ya leo, na kwenye simu ya bei nafuu mistari myembamba hufifia. Mwombe mchapaji kurasa mbili za majaribio kwenye karatasi ileile ya kitabu. Zikitoka kijivu, badilisha toleo la fonti kabla hujaanza kulaumu wino.