Karanga sita kabla ya KDS

Andalio la somo lilikuwa zuri kwa macho. Utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri, hitimisho. Kila hatua na dakika zake. Mwanachuo wangu alikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule moja wilayani Bahi, nami nimeketi nyuma ya darasa la tano na fomu yangu ya tathmini. Mada: kujumlisha sehemu zenye asili (namba ya chini) tofauti.

Akaanza na wimbo. Kisha ubaoni: KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa asili zote) ni nini, inatafutwaje, asili inabadilishwaje, kiasi (namba ya juu) kinabadilishwaje, halafu kujumlisha. Yote ndani ya dakika kumi. Mtoto aliyeketi mbele yangu alinakili bila kukosea hata herufi. Alipopewa 1/2 + 1/3 akaandika 2/5, akapiga mstari chini yake kwa rula.

Itazameni hiyo 2/5, walimu wenzangu. Ni ndogo kuliko nusu aliyoanza nayo. Mtoto ameongeza, kitu kimepungua, na hakushtuka, kwa sababu kwake zile tarakimu hazikuwa sehemu ya kitu chochote.

Simlaumu mtoto, na kijana wetu hakuwa mvivu. Shida ilikuwa mpangilio. Akili hushika mambo mapya machache tu kwa wakati mmoja. Nelson Cowan, aliyepitia tafiti nyingi za kumbukumbu mwaka 2001, alikadiria manne hivi. Pale ubaoni yalikuwa matano, na hakuna hata moja lililofungwa kwenye jambo ambalo mtoto alikuwa nalo tayari. David Ausubel wa Marekani alishaeleza mwaka 1960 kwamba somo geni hushika vizuri zaidi mwanafunzi akitangulizwa dhana ya kulishikiza. Hatua ya utangulizi ipo kwa kazi hiyo hasa. Wimbo unachangamsha, sikatai, lakini wimbo usiogusa nusu wala theluthi haujaanzisha somo la sehemu.

Jioni tukakaa kulipanga upya. Maudhui yalibaki yale yale. KDS tu ndiyo iliyosogezwa mwisho. Kesho yake kila kundi likapewa karanga sita (kwetu Dodoma karanga si zana ya kuomba fungu la shule). Nusu yake? Tatu. Theluthi? Mbili. Ziwekeni pamoja. Tano kati ya sita. Ubaoni ikaandikwa 5/6.

Ndipo kijana wetu akauliza: kwa nini nimewapa sita, si tano? Darasa likanyamaza. Msichana mmoja akaweka karanga moja pembeni, akajaribu kugawa zilizobaki mafungu mawili, kisha akairudisha ile moja. "Mwalimu, tano hazigawanyiki nusu, mpaka moja uipasue." Basi wakaanza wenyewe kutafuta idadi inayokubali kugawanywa kwa mbili na kwa tatu. Jina la KDS lilipotajwa, kazi yake walikuwa wameshaiona.

Zoezi la mwisho lilikuwa 1/4 + 1/3. Yule mtoto wa rula alizitazama karanga zake sita, akainuka, akaenda kuazima nyingine sita kundi la jirani.