Koti jeupe si sare ya kila mtafiti: dhana potofu kuhusu utafiti wa vyuo vikuu

Ukitaja utafiti wa chuo kikuu, wengi wanaona koti jeupe, hadubini na mirija ya kioo. Picha hiyo haina uongo, ila imewaacha nje watu wengi mno. Jengo la pili yuko anayesoma daftari za forodha za karne tatu zilizopita, na ghorofa ya juu yake kuna mwanahisabati ambaye kifaa chake kikuu ni ubao. Wote wanaitwa watafiti na mara nyingi wanagombea fedha zilezile. Basi hapo ndipo maneno huanza: huyu naye anafanya nini hasa?

"Utafiti wa kweli ni ule wa maabara"

Anayesema hivi hajasikia habari za Alice Kober. Alikuwa mwalimu wa lugha za kale katika Brooklyn College, New York. Alipomaliza vipindi vyake alirudi kwenye maandishi yaitwayo Linear B, yaliyochorwa kwenye vigae vya udongo vilivyofukuliwa kisiwani Krete kuanzia mwaka 1900. Hakuna aliyejua yameandikwa kwa lugha gani. Waliobahatisha walikuwa tele. Mmoja akisema hiki, mwingine kile. Kober alikataa kubahatisha. Alihesabu kila alama: inatokea mara ngapi, inapenda kukaa mwanzo wa neno au mwisho, jirani zake ni zipi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia karatasi zilipoadimika, alikata kadi kutoka migongo ya kadi za salamu na matangazo ya kanisa, akazipanga ndani ya makasha ya sigara. Kadi zilifika kama 180,000.

Katika wingi huo aliona jambo ambalo wabahatishaji walilikosa: kuna maneno yanayoshirikiana shina lakini yanabadilika miisho kwa utaratibu. Kwa hiyo lugha hiyo ilikuwa na minyambuliko, hata kama bado haikuwa na jina. Alifariki mwaka 1950 kabla ya kuona mwisho wake. Miaka miwili baadaye Michael Ventris, ambaye kwa taaluma alikuwa msanifu majengo, alijenga juu ya msingi huo na kutambua kuwa ni Kigiriki cha kale. Data zilikuwepo, hesabu ilikuwepo, na nidhamu ya kutosema kisichothibitika ilikuwepo. Kilichokosekana ni mirija tu.

"Njia ni moja: nadharia tete, jaribio, matokeo"

Hiyo ni njia nzuri sana kwa maswali yanayokubali majaribio. Mwanahistoria hawezi kuirudisha njaa ya mwaka fulani ili aone kama ingeua watu wachache zaidi chini ya mfalme mwingine. Anachofanya ni kugonganisha nyaraka: risiti, barua, hukumu za mahakama, na kuuliza nani aliziandika na kwa nini.

Mwanahisabati yuko upande mwingine kabisa. Kwake, kujaribu namba milioni moja na zote zikakubali bado si ushahidi. Mwezi Juni 1993 Andrew Wiles alitangaza kuwa amethibitisha kanuni maarufu ya mwisho ya mwanahisabati Fermat, iliyowashinda watu kwa zaidi ya miaka 350. Wataalamu walipoupitia uthibitisho wake wakakuta pengo sehemu moja. Katika fani nyingi ungesema kazi imekamilika kwa kiasi kikubwa, limebaki la kurekebisha. Kwenye hisabati pengo moja maana yake uthibitisho haupo. Wiles alihangaika zaidi ya mwaka mzima, akisaidiana na Richard Taylor, ndipo pengo likazibika Septemba 1994.

Tofauti hizi zinaingia hadi kwenye jina la mwandishi. Mwaka 2015 wanafizikia wa vituo viwili vya upimaji vya CERN, maabara kubwa ya fizikia ya Ulaya, walichapa makala moja kuhusu uzito wa chembe ya Higgs, iliyo ndogo kuliko atomu, ikiwa na waandishi 5,154. Orodha ya majina na taasisi ilichukua kurasa nyingi kuliko makala yenyewe. Mwanahistoria huandika kitabu peke yake, pengine kwa miaka kumi. Wanahisabati wengi hupanga majina kwa alfabeti, wakati kwenye tiba jina la mwisho mara nyingi ni la mkuu wa maabara. Wanasayansi wa kompyuta nao huthamini makala za makongamano kuliko wanavyofanya wenzao wengi. Sasa chukua kamati ya kupandisha vyeo inayohesabu makala na kugawa alama kwa nafasi ya jina, kigezo kimoja kwa wote. Huko si kupima, ni kuagua.

"Fani zisizohusiana hazina la kuambiana"

Mwanafalaki, yaani mtafiti wa nyota, na mchimbaji wa magofu, kwa mfano. Andrew Ellicott Douglass alikuwa mwanafalaki, baadaye akifundisha Chuo Kikuu cha Arizona. Alitaka kujua kama madoa ya jua, ambayo huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa takriban miaka 11, yanaathiri mvua. Rekodi za mvua hazikwenda mbali nyuma, hivyo akageukia miti: mwaka wa mvua mti huongeza pete nene, mwaka wa ukame pete nyembamba. Akaanza kukusanya vipande vya misonobari na kupima pete moja moja.

Mpangilio wa pete nene na nyembamba haujirudii ovyo, kwa hiyo kipande cha mti uliokufa zamani kinaweza kuungwa na kipande cha mti wa karibuni pale pete zao zinapofanana. Wanaakiolojia wakaanza kumpelekea boriti za magofu ya Kusini-Magharibi mwa Marekani. Kwa muda alikuwa na mifuatano miwili isiyogusana, hadi mwaka 1929 kipande cha boriti iliyoungua, kilichopewa namba HH-39, kilipounganisha yote. Ghafla magofu kama Pueblo Bonito yakawa na miaka kamili. Ndoto yake ya kutabiri hali ya hewa kwa madoa ya jua haikutimia. Fani aliyoianzisha njiani, ya kusoma miaka kwa pete za miti, ndiyo iliyodumu.

Haikuishia hapo. Mwaka 1949 Willard Libby, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Chicago, na wenzake walionyesha kuwa umri wa mabaki ya viumbe unaweza kupimwa kwa kaboni-14, ambayo nusu yake hupotea kila baada ya miaka 5,730 hivi. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1960. Lakini alikuwa amechukulia kwamba kiasi cha kaboni hiyo hewani kimekuwa kilekile siku zote. Misonobari ya kale ya milima ya California, ambayo baadhi imeishi zaidi ya miaka 4,000, ilimkosoa: pete yenye umri unaojulikana ikapimwa kaboni, na majibu mawili hayakulingana. Tarehe za kale zikasahihishwa, nyingine kwa karne kadhaa, na ikaonekana kwamba baadhi ya makaburi makubwa ya mawe ya Ulaya Magharibi yamezitangulia piramidi za Misri. Waliokuwa wakifundisha kwamba ujuzi wa kuyajenga ulitoka mashariki ya Mediterania walilazimika kuanza upya.

Hakuna kikao kilichopanga mwanafalaki, mwanakemia na wachimbaji wakutane. Ndiyo maana mimi huwa na mashaka na miradi inayolazimisha fani tatu kushirikiana kwa sababu tu fomu ya ruzuku imedai hivyo.

"Kila utafiti, hata wa kuchekesha, mwisho huleta faida"

Hii ni dhana ya sisi tunaotetea utafiti, na nadhani inatuponza. Tunapenda kumtaja Thomas Brock, aliyekuwa akichunguza viumbe wa chemchemi za moto za hifadhi ya Yellowstone, Marekani, miaka ya 1960. Bakteria waliopatikana humo, Thermus aquaticus, walitoa kimeng'enya kisichoharibiwa na joto, na kimeng'enya hicho kikaja kuwa moyo wa PCR, njia ya kuzidisha DNA. Ni kweli tupu. Ila tumechagua mshindi wa bahati nasibu na kunyamaza kuhusu tiketi nyingine.

Sehemu kubwa ya kazi za vyuo haitazaa dawa wala mashine, wala haikukusudia. Mwaka 1927 Thomas Parnell wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, alimimina lami moto ndani ya faneli ya kioo kuwaonyesha wanafunzi kuwa kitu hicho, kinachovunjika kwa nyundo, kwa kweli ni kimiminika. Mwaka 1930 mdomo wa faneli ukakatwa, na tangu hapo hadi 2014 yalidondoka matone tisa. John Mainstone, aliyekuja kulisimamia jaribio hilo, alitoka dakika chache kutafuta kinywaji mwaka 1988, na tone likadondoka. Mwaka 2000 kamera iliwekwa, ikaharibika. Tunachojua kutokana na hayo yote ni kwamba lami ile ina mnato unaokadiriwa kuwa mara bilioni 230 ya maji. Ni jambo la kweli, halikujulikana, sasa linajulikana. Akitaka faida zaidi ya hiyo, mlipakodi ana haki ya kuuliza, nasi tumjibu bila kumwahidi dawa.

"Ikishachapishwa na kupitiwa na wataalamu, imethibitishwa"

Wapitiaji huona hoja, mbinu na majedwali. Kwa kawaida hawarudii kazi. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilitoa matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia zilizokwisha kuchapishwa kwenye majarida yenye heshima. Tafiti za awali zenye matokeo ya maana kitakwimu zilikuwa asilimia 97. Ziliporudiwa zikawa 36. Wapo waliocheka na kusema saikolojia si sayansi. Lakini waliofichua walikuwa wanasaikolojia wenyewe, na tangu hapo wengi wao wanasajili mpango wa utafiti kabla ya kukusanya data, ili mtu asibadilishe swali baada ya kuona majibu. Saratani nayo ilipofanyiwa zoezi la namna hiyo, tena ndani ya maabara zenye makoti meupe, matokeo mengi yaliporudiwa yalikuwa dhaifu kuliko yalivyotangazwa.